Orkestra ilivunjika zamani, watu wanaidai irudi: tuanzie wapi?

SWALI: Yaya, salamu kutoka Kamalondo. Mtaani kwetu kulikuwa na orkestra iliyovuma mwisho wa miaka ya 1980, ikavunjika mwaka 1996. Walikuwa wanamuziki 12, leo wamebaki wanane: watano wako hapa Lubumbashi, wawili Kinshasa, mmoja Nairobi. Kila arusi, kila matanga, watu wanalia turudishe ile orkestra. Kwenye simu tumekwisha kukusanya watu 11,000 wanaodai konseri. Shida ni kwamba waimbaji wawili wakubwa hawasalimiani. Inawezekana kuwapandisha jukwaani pamoja, hata usiku mmoja tu? Inagharimu nini, na mambo haya huwa yanaharibikia wapi? Tena, tiketi tuuze kwa franga ao kwa dola?

JIBU: Mdogo wangu, inawezekana. Wagumu kuliko wazee wako wamekwisha kupatana. Wenge Musica ilivunjika Kinshasa Desemba 1997. JB Mpiana alibaki na Wenge BCBG, Werrason akatoka na Didier Masela na Adolphe Dominguez kuanzisha Wenge Musica Maison Mère, na kwa karibu miaka 25 mashabiki wa pande hizo mbili hawakukaa meza moja. Tarehe 30 Juni 2022 wakapanda jukwaa moja, kwenye uwanja wa Stade des Martyrs, Kinshasa. Baada ya hapo kila kiongozi aliendelea na orkestra yake. Hilo lisikuvunje moyo, maana wewe unatafuta siku moja tu, na siku moja ukiiandika vizuri kwenye karatasi inashika.

Tuanze na hao 11,000. Usiwahesabu kama wanunuzi. Mtu kudai konseri ni bure, na anayedai kwa sauti kubwa anaweza kuwa yuko Lusaka, Kolwezi au Brussels. Ni kweli kiu ya namna hii huwa kubwa ajabu: Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza, walipokutana tena London, tarehe 10 Desemba 2007, maombi ya tiketi yalikadiriwa kufika milioni 20 kwa ukumbi wa watu 20,000 hivi. Lakini ule ni mji mmoja uliopokea dunia nzima. Wewe una Lubumbashi, na pengine gari chache kutoka Likasi.

Ndani ya dai lenyewe kuna watu wa aina mbili, na wanataka vitu tofauti. Wa kwanza ni yule aliyekuwa na miaka 17 orkestra ilipovuma. Leo amepita 50, ana kazi, ana franga, na anachokuja kutafuta ni ujana wake mwenyewe. Huyu atalipa vizuri, ila hatasimama masaa matano kwenye baridi. Anataka kiti, maegesho ya gari, na arudi nyumbani kabla ya saa tatu usiku. Wa pili ni kijana ambaye hakuwa amezaliwa. Yeye anajua wimbo mmoja au mbili aliozisikia kwenye simu. Usimdharau. Super Mazembe, orkestra iliyoanza Kongo mwaka 1967 kwa jina Super Vox na kuhamia Nairobi mwaka 1974, wimbo wao wa zamani "Kasongo" ulirudi midomoni mwa vijana wa Kenya mwisho wa mwaka 2024, karibu miaka 50 baada ya kurekodiwa. Kijana analipa kidogo, anacheza sana, na ndiye anayewapa wazee nguvu jukwaani. Kwa hiyo panga viti nyuma na pembeni, mbele acha uwanja wa kucheza.

Kipimo cha kweli ni tiketi iliyolipwa mapema. Ila hapa kuna kosa linalochoma majina ya waandaaji wengi: wanauza kabla mwanamuziki hajatia sahihi. Utaratibu ni sahihi kwanza, kisha mauzo ya mapema kwa siku 14, kisha ndipo unamalizia malipo ya ukumbi. Fedha za mauzo ziingie kwenye namba ya M-Pesa au Airtel Money iliyofunguliwa kwa kazi hiyo tu, na kitabu chake kishikwe na watu wawili wasio ndugu. Hazitumiki hata franga moja mpaka siku 14 ziishe, ili konseri ikikwama kila mtu arudishiwe chake. Kwa ukumbi wa watu 1,500, tiketi 200 za mapema zinatosha kuendelea. Zikiwa chini ya 80, tafuta ukumbi wa watu 400 mapema, wala usione haya: ukumbi mdogo uliojaa unawapendeza wazee kuliko uwanja wa Kamalondo wenye nafasi 18,500 ukiwa mtupu.

Usitangaze ziara ya miji mitatu. Mwaka 2021 Fugees, kundi la rap la Marekani, walitangaza ziara nzima ya kurudiana, wakapiga konseri moja New York mwezi Septemba, na Januari 2022 yaliyobaki yote yakafutwa. Tangaza usiku mmoja. Ukifaulu, Likasi na Kolwezi hazihami.

Sasa chukua karatasi. Andika nyimbo kumi ambazo watu wanaziomba zaidi, sio zile unazozipenda wewe. Mbele ya kila wimbo jaza safu tano: nani aliutunga, nani aliimba sauti ya kwanza, nani alipiga solo, nani alipiga besi, nani alikuwa atalaku, yaani mpiga kelele za kuchangamsha wachezaji. Halafu hesabu majina. Yeyote anayetokea kwenye nyimbo sita au zaidi, bila yeye hakuna konseri. Anayetokea mara tatu mpaka tano, mtafute kwa bidii, lakini akikosa kuna njia. Anayetokea mara moja, mwalike kwa wimbo wake mmoja. Karatasi hii itakuonyesha jambo ambalo mashabiki hawalioni: mara nyingi orkestra haisimami kwa waimbaji wawili wanaogombana, inasimama kwa mpiga solo aliyenyamaza pembeni. Mlango wa wimbo, zile noti nane za gitaa zinazofanya watu wapige kelele kabla neno halijaimbwa, ni wa huyo mzee. Pengine ndiye yule wa Nairobi. Umtafute wa kwanza.

Hao wanne waliotutoka, familia zao zisisikie redioni habari ya konseri. Nenda mwenyewe, mapema. Sheria ya nchi yetu kuhusu haki za mtungaji, ile ya tarehe 5 Aprili 1986, inalinda utunzi maisha yote ya mtungaji na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo warithi wana neno juu ya nyimbo zake. Malipo ya haki hizo yanapitia SOCODA, shirika la haki za watungaji. Andika orodha ya nyimbo pamoja na watungaji na uipeleke kabla ya konseri. Na kama marehemu ana mtoto anayeimba au kupiga, mpe wimbo mmoja wa baba yake na umtaje kwa jina lake. Led Zeppelin, waliokuwa wamempoteza mpiga ngoma wao John Bonham mwaka 1980, walimweka mwanawe Jason nyuma ya ngoma ule usiku wa London, na watu walipokea kwa moyo wote. Kinachoudhi watazamaji ni kijana kuvalishwa nguo za marehemu na kuigiza usiku mzima.

Jina la orkestra ni la nani? Swali hili limevunja mapatano mengi kuliko chuki. Wenge walipoachana, karibu kila kundi lilishika neno "Wenge" na kuongeza mkia wake. Kwa TP OK Jazz, orkestra ya Franco, ilikuwa vingine: Franco alifariki tarehe 12 Oktoba 1989, wanamuziki waliendelea miaka kadhaa, wakakosana na familia yake, mwishoni vyombo vikabaki kwa familia na wao wakaendelea chini ya jina Bana OK. Kwenu, tafuta nani alikuwa na jina kwenye karatasi za zamani: mwenye vyombo, kiongozi, au hakuna mtu. Kisha andika sentensi moja: jina linatumika tarehe fulani, mahali fulani, kwa konseri moja, na hakuna aliyetia sahihi anayepata wala kupoteza haki yoyote ya jina kwa sababu ya usiku huo. Sentensi hiyo inamruhusu kila mmoja kuja bila kuogopa kwamba akipanda jukwaani amekubali kushindwa ugomvi wa mwaka 1996.

Tufike kwa wale wawili. Usianze kwa kuwapatanisha. Ukifungua kesi ya 1996 mnakesha, na asubuhi kila mmoja ana hasira mpya. Wala usiwakutanishe kwenye nganda, yaani baa, bia inaongea kabla ya mtu. Katika orkestra nyingi kuna mmoja aliyebaki na urafiki na wote, mara nyingi ni mpiga besi au mpiga ngoma, kwa sababu hakuwa akigombea kipaza sauti. Mtume huyo, akiwa na karatasi mbili zinazofanana neno kwa neno, apeleke kila moja siku ile ile, mmoja asisikie kwamba mwenzake aliona kwanza. Ndani ya karatasi jibu mambo matatu tu, kwa maana ndiyo yanayouma kweli: jina la nani linatangulia kwenye tangazo, nani anaimba wa mwisho, na nani anapokea fedha. Tangazo: majina kwa mpangilio wa alfabeti, herufi za ukubwa mmoja, picha moja ya zamani ya orkestra nzima badala ya nyuso mbili mpya. Wimbo wa mwisho: wanaimba wote wawili, beti ya kwanza huyu, beti ya pili yule, na mpangilio uandikwe. Fedha: kila mwanamuziki analipwa mkononi mwake au kwenye simu yake, wote kwa wakati mmoja, mbele ya shahidi, na hakuna "kiongozi" anayepokea kwa niaba ya wenzake. Wakikubali haya matatu wakiwa bado hawasalimiani, inatosha. Wengi husalimiana wenyewe siku ya tatu ya mazoezi, wakati sauti mbili zinapokutana kwenye kiitikio zilichokiimba pamoja miaka minane.

Mapatano yenyewe yasizidi kurasa mbili. Pamoja na jina na yale matatu, weka malipo kwa awamu: asilimia 30 kwenye sahihi, 30 baada ya zoezi la mwisho, 40 saa mbili kabla ya kupanda. Ukilipa yote mwanzoni mazoezi yatakuwa matupu, na ukiahidi kulipa baada ya mlango kufungwa utabembeleza watu nyuma ya jukwaa huku umati unapiga miluzi. Weka pia nani anaruhusiwa kurekodi picha na sauti, na ikiuzwa baadaye wanagawana vipi. Weka la ugonjwa: hawa ni watu wa miaka 60 na kupita, presha ikipanda siku ile nani anaimba sehemu yake?

Na weka habari ya mabanga. Hapa naomba usome polepole. Unajua desturi: mfanyabiashara anampa mwimbaji dola, jina lake linatajwa katikati ya wimbo. Kwa konseri ya namna hii, mabanga ndiyo hatari kuu, kwa sababu mwimbaji mmoja atapokea 500 jukwaani, mwenzake 20, na mpiga ngoma hapati kitu, na orkestra inavunjika upya usiku ule ule mbele ya watu. Fanyeni sanduku moja. Majina yote ya kutajwa yanaandikishwa kwako kabla, kila jina mara moja, kwenye sebene, ile sehemu ya kucheza inayoongozwa na magitaa, na si juu ya beti, na fedha zote zinagawanywa sawa kwa wote walio jukwaani. Hata noti zinazobandikwa kwenye paji la uso ziingie sandukuni; weka kijana mmoja mwaminifu mwenye mfuko pembeni ya jukwaa kwa kazi hiyo tu.

Mazoezi. Kadiria vikao kumi vya saa tatu, ndani ya wiki tatu. Viwili vya kwanza ni vya ngoma, besi na magitaa peke yake, waimbaji wasije. Sababu ni kwamba waimbaji wakikuta vyombo bado vinatafutana wanaanza kuimba kwa nguvu kuficha makosa, na koo la mzee likichoka wiki ya kwanza halirudi kwa wakati.

Sauti hushuka na umri. Wimbo ulioimbwa mwaka 1989, leo utahitaji kushushwa nusu toni, pengine toni nzima. Msiamue kwa kaseti: mashine za zamani zilikimbia au zilichelewa, na kaseti ya kaseti inaweza kudanganya kwa nusu toni yenyewe. Muulizeni mpiga solo alikuwa anashika wapi kwenye shingo ya gitaa, vidole vyake vinakumbuka kuliko mkanda. Mkishusha, shusheni magitaa yote na besi kwa kulegeza nyuzi, na mkae hapo usiku mzima, msibadili katikati. Mkihamisha wimbo kwa kusogeza vidole, milio ile ya uzi ulioachwa wazi inapotea na watu watasikia kwamba "kuna kitu si chenyewe" hata kama hawajui jina lake. Nyuzi zikilegezwa zinakuwa laini mno, kwa hiyo anayetumia seti ya nyuzi za unene wa 9 aweke za 10. Kwa gitaa la mi-composé, ambalo uzi wake wa nne umeondolewa na kuwekwa uzi mwembamba wa oktava ya juu, nunua nyuzi nyembamba tano za akiba, ndizo zinazokatika. Mpiga kinanda yeye atabonyeza kitufe cha kushusha toni, na kinanda kikizimwa na kuwashwa mara nyingi kinarudi kwenye toni yake ya kawaida. Bandika mkanda mweupe juu ya kitufe hicho, umeandikwa "-1", yaani nusu toni chini. Wimbo wa kwanza kuharibika kwa sababu hiyo ni aibu inayotokea kila mahali.

Mwendo nao uandikwe. Chukua simu yenye metronomu, sikiliza rekodi, andika mapigo kwa dakika ya beti na ya sebene mbalimbali. Wakiwa na furaha watapiga haraka, na sebene iliyozidi mwendo inamuua atalaku kwa pumzi na kumchosha mpiga ngoma dakika ya nne. Tafuteni mpiga ngoma kijana wa akiba anayejua sehemu zote. Mzee aanze wimbo, kijana ashike sebene ndefu. Kwa saa mbili, nyimbo 14 zinatosha, maana zetu hazimaliziki dakika saba. Ule unaoombwa zaidi uweke wa nne, watu wakiwa wamekwisha kuingia, halafu urudieni mwishoni. Hakuna wimbo mpya. Wazee watataka kuonyesha kazi zao mpya. Kataa kwa heshima, hiyo ni konseri nyingine.

Vyombo na umeme. Hesabu mistari ya sauti: ngoma 7, tumba 3, besi 1, magitaa 3, kinanda 2, waimbaji 6, atalaku 2. Ni 24, kwa hiyo kodi mikseri ya mistari 32, ili nane zibaki kwa mgeni, kwa mtangazaji na kwa hitilafu. Dai spika za kumrudishia mwanamuziki sauti yake zenye michanganyo sita tofauti, kwa sababu mwimbaji wa miaka 65 asiyejisikia atapiga kelele, na baada ya nyimbo tatu sauti imekwisha. Kwa watu 1,500 nje, spika za jumla ya kilowati 12 zinatosha zikipangwa juu ya vichwa. Zikiwekwa chini, safu tano za mbele wanaumia na wa nyuma hawasikii maneno.

Usitegemee umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, kwa jukwaa hata kama siku hiyo upo. Tatizo si kukatika tu. Nguvu ikishuka ghafula, mikseri ya kidijitali inazimika na kujiwasha upya, na dakika moja au mbili za kimya katikati ya wimbo ni ndefu mno. Sauti, taa na vyombo pamoja vinakula kilowati 18 hivi vikiwa juu kabisa, yaani karibu kVA 23, kipimo kinachoandikwa kwenye jenereta. Kodi jenereta ya kVA 40 ifanye kazi kwa utulivu, na ya pili iliyo sawa iwe imeunganishwa tayari kwenye swichi ya kubadilisha. Itakula lita 5 au 6 za mazuti (dizeli) kwa saa. Kwa saa kumi, pamoja na majaribio, nunua lita 100, na zote ziwe uwanjani tangu asubuhi. Friji za bia zipewe umeme mwingine. Mikseri iwe na onduleri yake ya betri, hata ndogo ya dakika kumi.

Umati. Tarehe 29 Oktoba 2022, watu 11 walikufa kwenye konseri ya mwimbaji Fally Ipupa pale Stade des Martyrs, uwanja ulipopokea watu wengi kuliko nafasi zake. Hakuna wimbo unaostahili hilo. Kwa wanaosimama, weka watu wawili kwa mita mraba; wakifika wanne simamisha mlango, wakipita hapo mtu hawezi tena kuamua anakokwenda. Wenye viti, mita mraba moja kila mmoja pamoja na njia. Kwa hiyo viti 500 na wanaosimama 1,000 wanahitaji mita mraba 1,000 zilizo wazi, kama 40 kwa 25, jukwaa na baa nje ya hesabu. Katika upana wa mita moja, watu 80 hivi wanapita kwa dakika. Watu 1,500 watoke kwa dakika tano wanataka karibu mita 4 za mlango. Weka milango mitatu ya mita 2, ili mmoja ukiziba miwili itoshe, na yote ifunguke kuelekea nje bila kufuli, na mlinzi ambaye kazi yake ni kufungua. Hesabu tiketi vizuri: kila tiketi ina namba na kipande kinachobaki mlangoni, na mialiko ya bure inahesabiwa kama tiketi. Jambo la mwisho kwenye umati: msifungue milango kwa bure saa za mwisho. Huruma hiyo ndiyo inayosukuma watu wa nje wote kwa mara moja.

Hesabu ya fedha, huu ni mfano wa kuonyesha namna, bei za kweli utazitafuta mwenyewe. Nafasi 1,500, toa mialiko 150. Zinabaki 1,350: kusimama 1,000 kwa dola 5, viti 270 kwa dola 20, meza nafasi 80 kwa dola 50. Zikiuzwa zote ni 14,400. Panga matumizi kana kwamba utauza asilimia 60, yaani 8,640. Wanamuziki na wasaidizi 3,000, safari na malazi ya watatu wa mbali 1,800, sauti, taa, jenereta na mazuti 1,700, mahali 600, ulinzi na msalaba mwekundu 450, matangazo 400, kodi, vibali na haki za watungaji 400, chakula na taksi za mazoezi 250. Jumla 8,600. Ikizidi hapo, punguza taa kabla ya kugusa ulinzi. Na bei mliyotangaza isipande. Mwaka 2024, tiketi za kurudiana kwa Oasis, bendi ya Uingereza, za kusimama zilitangazwa pauni 148, wengine baada ya kusubiri foleni masaa mengi wakazikuta ni 355, na hasira ya watu ilifika serikalini Uingereza. Waliopenda orkestra miaka 30 hawafanyiwi hivyo.

Tarehe: kati ya Mei na Septemba, mvua haipo. Juni na Julai usiku wa Lubumbashi unauma, nyuzi zinabadilika toni na wazee wanakohoa, basi anzeni saa tisa mchana na kumaliza saa mbili usiku. Jumamosi ya kwanza baada ya mishahara. Barua kwa meya, nakala kwa komini na polisi, wiki nne kabla, na uliza kodi ya maonyesho kwa maandishi ili siku ile asije mtu na bei yake.

Franga au dola? Tangazo liandike bei kwa dola na kiwango kimoja cha kubadilisha, kisichobadilika tangu tiketi ya kwanza mpaka ya mwisho. Tiketi za kusimama ziuzwe kwa franga au kwa simu, viti na meza kwa vyovyote. Mlangoni wekeni mistari miwili: mmoja wa wenye tiketi, unaokimbia, na mmoja wa wanunuzi, ulio mbali mita 20, wenye chenji ya noti za franga 500 na 1,000 zilizoandaliwa tangu jana yake. Na juu ya meza hiyo bandikeni karatasi kubwa inayosema noti ya dola iliyopasuka haipokelewi, kwa maana ubishi juu ya noti moja ya dola 5 yenye tundu dogo pembeni unaweza kusimamisha watu 60 nyuma yake, na ndani solo imekwisha kuanza.